Njoo na Sweta

"Njoo na sweta," mama mdogo aliniambia kwenye simu. "Na soksi. Huku Newala kipupwe kimeshaingia."

Nilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, nikingoja basi, shati limenigandia mgongoni kwa jasho, nikadhani anatia chumvi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Juni, na safari hii nilikuwa nimeitwa. Mtoto wa pili wa dada yangu anaingia jando. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mjomba ni mimi, na mjomba hatumi salamu kwa simu siku mpwa wake anapoingia kumbini. Kwenye begi nilikuwa na seti nzima ya nguo za kutokea: kanzu, shati, suruali, viatu, kofia. Sweta sikuwa nalo.

Wazee wakisimulia safari za kusini husimulia Rufiji. Masika mto ukijaa, magari yalilala Ndundu yakingoja kivuko, abiria wakapika uji kando ya barabara. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 mtu anatoka Dar es Salaam alfajiri na jioni yuko Masasi. Nililala hapo. Asubuhi nilitembea kidogo kuyatazama yale mawe makubwa yaliyoinama juu ya mji, nikafika hadi Mtandi lilipo Kanisa Kuu la Waanglikana. Askofu Edward Steere alikuja Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji. Lakini mimi nilikuwa namfikiria aliyekuja baadaye, Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi. Wamisionari wengi wa wakati wake waliliona jando kuwa giza la kufukuzwa. Yeye alikaa na wazee, akasikiliza, kisha akaruhusu watoto wa Kikristo wawe na jando lao, sala ndani yake na wazee ndani yake. Ndiyo maana mpaka leo nyumba ya Mkristo na nyumba ya Mwislamu zinapeleka watoto jandoni bila ya mmoja kujiona ameacha dini yake. Nyumba ya mama mdogo ina dini zote mbili chini ya bati moja.

Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi ina kilomita 210, na lami yake imekuwa ikija kwa vipande. Gari letu lilikwenda kwa vumbi, likapita vijiji vya chini, kisha likaanza kupanda. Kondakta alifunga dirisha lake bila kuambiwa. Kwenye kona za juu ukungu ulitupokea, mweupe na mzito, na mikorosho ikawa inajitokeza mmoja mmoja kandokando kama watu waliosimama wakingoja lifti. Jirani yangu, mama mmoja mwenye kapu la samaki wakavu, alinitazama nilivyojikunyata, akatoa kanga ya pili kwenye kapu lake. "Jitande, baba," aliniambia. "Huku si Darisalama." Ile kanga ilinukia samaki, na nilimshukuru mpaka tunashuka.

Uwanda wa Makonde huinuka polepole ukitoka upande wa bahari, halafu hapa Newala unakatika ghafla. Mjini pana ukingo unaoitwa Shimo la Mungu. Ukisimama pale unaliona bonde lote la Ruvuma chini yako, na ng'ambo Msumbiji. Upepo unaopanda kutoka bondeni ndio unaoleta baridi ya jioni. Watu wetu walipanda huku zamani wakikimbia mavamizi ya Wangoni na wakamataji wa watumwa, wakajificha katika vichaka ambavyo mgeni hawezi kuvipenya. Usalama walioupata waliulipia kwa maji. Udongo wa juu ni mchanga mwekundu unaomeza mvua yote; hakuna kijito wala chemchemi. Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Newala majuma kadhaa mwaka 1906, akarekodi nyimbo zetu kwa fonografu, akakusanya vinyago, na akaandika pia habari za wanawake waliokuwa wakishuka kuteka maji bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Bibi yangu aliifanya safari hiyo akiwa msichana. Magoti yake yanaikumbuka kila baridi ikiingia.

Nilimkuta jikoni. Alikuwa amejitanda kanga mbili, juu yake koti la mitumba la kizungu lenye vifungo vikubwa, miguu ameielekeza kwenye mafiga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja mikono mitupu au umekuja na sweta?"

Alipocheka nilijua habari ya simu ilishazunguka nyumba nzima. Usiku ule nilipewa sweta la mume wa mama mdogo na nikalala gubigubi chini ya mablanketi mawili.

Nyumba ya Newala katika kipupwe huhamia jikoni. Sebuleni kuna makochi, na kila kochi lina kitambaa cheupe alichokifuma mama mdogo mwenyewe kwa uzi na sindano yenye ndoano. Lakini Juni hakuna anayekaa sebuleni ila mgeni wa heshima, naye akikaa kidogo anaomba mwenyewe kuhamia kwenye moto. Jikoni ni kibanda cha nje, kuta zimeiva kwa moshi. Saa moja ya jioni kila mtu ana nafasi yake: bibi karibu na mlango wa ndani, watoto kwenye gogo, mama mdogo kwenye kigoda, na mikono yake haitulii. Mchana ni mwalimu wa shule ya msingi. Usiku anafuma. Nilimuuliza kama anauza. "Nauza viwili vitatu," alisema. "Hivi vingine ni vyangu tu. Siku nzima nasema. Usiku nataka mikono iseme, mdomo upumzike." Safari hii alikuwa anafuma kitambaa kirefu cha meza ya chakula cha siku ya kutoka jando, na ua lake la katikati lilikuwa limemkataa mara mbili. Alilifumua mbele yetu, akaanza tena, wala hakuonekana kuumia.

Dada yangu yeye anasuka ukili. Mkindu hauoti huku juu. Huununua kwa wanaopanda nao kutoka mabondeni, huchovya nusu yake kwenye rangi ya zambarau na ya kijani, kisha husuka shupatu akihesabu kwa midomo bila sauti. Mkeka wa mwali anausuka mama mzazi. Wa dukani haufai, ingawa wa dukani ni rahisi na umenyooka zaidi. Nilipomwona anapima shupatu kwa kimo cha mwanawe, mtoto amesimama wima ukutani na kichwa amekiinua ili aonekane mrefu, nilitoka nje kidogo.

Watoto wanategeana vitendawili. Mpwa wangu anayeingia jando, mwenye miaka 11, ana tabia ya kutokubali vya zamani, anatunga vyake. Usiku wangu wa pili alitega: shuka la babu halikunjiki. Tukatoa majibu yote tuliyoyaweza, barabara, bahari, anga, tukampa mji. Akasema: ukungu. Bibi akamwambia kesho atunge kingine cha maji, maana kinacholaza watu njiani ni maji.

Na alfajiri ukungu ni mali. Hilo sikulijua mpaka niliposhtushwa na ngurumo ya mashine nje, kabla hata ya adhana. Juni ndipo mikorosho inapoanza kuchipua upya na kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga huyavamia maua hayo kama unga mweupe, yakakauka bila kutunga. Dawa yake ni salfa. Hupulizwa mapema sana, wakati upepo haujaamka na umande bado uko kwenye majani, ili vumbi lishike. Mume wa mama mdogo alikuwa na mashine mgongoni, kitambaa puani, akizunguka mti baada ya mti. Wingu la njano likapanda ndani ya wingu jeupe. Alinipa kazi ya kubeba mfuko. Harufu ya kiberiti ilikaa kwenye sweta lake siku zote nilizokaa Newala.

Korosho ndiyo iliyoleta mjadala mkubwa wa nyumba, na mjadala huo ulianza kabla sijafika. Likizo ndefu ziko mbili, ya Juni na ya Desemba, na serikali za wilaya zimekuwa zikihimiza jando na unyago vifanyike wakati wa likizo ili watoto wasikose masomo. Sasa ipi? Fedha ya korosho huanza kuonekana Oktoba minada ikifunguliwa, na huchukua hadi Desemba. Kwa hiyo Desemba mfuko una kitu, maembe yako juu ya miti, na ndugu wa mijini wanarudi. Lakini Desemba mvua zimeanza, na kila mwenye nguvu yuko shambani na jembe. Juni mfuko ni mtupu, ila ghala lina mahindi, muhogo upo, mbaazi zinakaribia, njia ni kavu, na wazee huamini kidonda hupona upesi katika baridi. Mume wa mama mdogo alitaka Desemba. Bibi alitaka Juni.

"Jando ni la baridi," bibi alisema. "Mtoto ajue moto ni nini, na aliyemkokea ni nani."

Kulikuwa na njia ya tatu ambayo kila nyumba huku inaijua: kangomba. Mtu mwenye fedha anakupa sasa, wewe unamlipa kwa korosho ambayo bado ni ua, kwa bei anayoitaka yeye. Sherehe inapendeza, ngoma zinalia, na Oktoba wenzako wakipeleka magunia yao chama cha ushirika wewe unampelekea yeye. Mama mdogo aliikataa mbele ya watu wote, akasimama kabisa. Alisema hawezi kumtoa mtoto jandoni kuwa mtu mzima halafu amkabidhi deni siku hiyohiyo. Nadhani alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Wakakubaliana Juni, sherehe ndogo, kila ndugu alete alichonacho. Mbuzi alitoka kwa mume wa mama mdogo. Zile nguo ndizo zilizokuwa mchango wangu, pamoja na mchele.

Chakula kingine kilitoka porini. Mtu wa Mtwara au Lindi akiwa mbali ukimtajia ming'oko utaona macho yake. Ni kiazi cha mwituni, chembamba, kirefu, kinajichimbia katikati ya mizizi ya vichaka, na kiangazi ndio wakati wake. Siku ya Jumamosi tulikwenda na dada yangu, mama mdogo na wanawake wengine wanne. Mume wa mama mdogo alinionya kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Mama mdogo akajibu kwamba mgongo hauna jinsia. Huitafuti ming'oko kwa kutazama chini. Unatafuta utambaa mkavu uliojiviringa kwenye mti, unaufuata kwa vidole mpaka unapoingia ardhini, kisha unachimba pembeni, kwa subira, maana ukivuta kwa nguvu kinakatika na utamu wake unabaki chini. Nilikata vitatu kabla ya kupata kimoja kizima. Wanawake walikuwa wakizungumza kutoka kichaka hadi kichaka bila kuonana: nani anaposa, nani amejifungua, mwalimu gani anahamishwa, upatu umefika zamu ya nani. Nilielewa pale kwa nini hawataki kununua ming'oko stendi, ambako huuzwa kwa sahani. Ile ndiyo siku yao. Mchana ndani ya pori hilo, magunia yakijaa polepole, nilisikia vicheko ambavyo sijavisikia katika ukumbi wowote wa starehe.

Jioni ming'oko ilichemshwa kwa chumvi kwenye sufuria kubwa. Unamenya kwa meno, ganda linatoka kama uzi, na ndani ni cheupe, laini, kina utamu wa mbali unaokuja ukishameza. Chai ya tangawizi, ming'oko ya moto, ukungu mlangoni. Nimekula katika hoteli nyingi. Sijui chakula cha baridi kinachozidi hiki.

Wanaume wa mtaa wana baraza lao chini ya mwembe, kwa babu mmoja mchongaji. Huyu babu alizaliwa ng'ambo, upande wa Mueda, akavuka Ruvuma akiwa kijana mbichi katika miaka ambayo Wamakonde wengi walivuka. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao, na tangu hapo, anasema, Juni kwake haikuwahi kuwa mwezi wa kawaida. Tarehe 25 Juni, siku ya uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975, redio yake huwekwa juu ya kiti, na wanaopita hunyamaza kidogo kwa ajili yake.

Hapo ndipo bao linapochezwa. Mashimo 32, kete 64, komwe zilizong'aa kwa miaka ya vidole. Babu hucheza huku anachonga; mkono wa kulia una patasi, wa kushoto unasambaza kete, na akila huwa haangalii. Vijana wanakuja na simu zao, wanafuatilia habari za usajili wa Simba na Yanga, lakini mchezo ukifika kwenye mtaji simu zinaingia mfukoni. Nilicheza naye mara nne. Mara ya nne tu ndipo nilipoweza kuilinda nyumba yangu mpaka karibu na mwisho.

Nilitegemea kumkuta anachonga vinyago vya mpingo, vya kuuza, kama vile vya Mwenge, Dar es Salaam, ambako Wamakonde wenzake wengi walihamia. Alikuwa anachonga ngoma: ndogo, nyembamba, yenye ncha chini ya kuchomeka ardhini. Aliniambia vinyago vya kuuza alichonga ujanani na vikamlisha, hana neno navyo. Sasa anachonga vya kutumia mtaani. Kila likizo inapokaribia watu wanamletea ngoma zilizopasuka, naye hawatozi fedha. Kuwamba ndiko kulikonivutia. Ngozi ya mbuzi huvutwa ikiwa mbichi, ikakauka, lakini ukungu wa Newala unailegeza tena. Kwa hiyo kabla ya kupigwa, ngoma huzungushwa karibu na moto wa majani makavu, mpigaji akiigonga kwa kidole na kusikiliza. Babu alinipa niigonge. Nikasema tayari. Akatikisa kichwa, akairudisha motoni kwa muda wa pumzi tatu, akanipa tena, na ilikuwa kweli: sasa ililia.

Mchana, upepo wa kusi ukishapasua ukungu, watoto wako Shimo la Mungu wakirusha tiara za mifuko ya plastiki na njiti za ufagio. Mtoto mkubwa wa dada yangu, aliyekuwa amerudi kutoka bweni siku shule zilipofungwa, alimfundisha mdogo wake namna ya kuachia uzi. Walikuwa hawajaonana tangu Januari. Tiara ilikwenda juu ya bonde mpaka ikawa nukta, upande wa Msumbiji, na mdogo aliendelea kuuliza swali moja kwa njia nyingi: kule kumbini kukoje? Kaka yake alikuwa ameshapita. Alimjibu kila kitu isipokuwa hicho. Nami sitakiandika, kwa sababu niliahidi nilipokuwa na umri kama wa yule mdogo.

Siku moja kabla ya kuingia kumbini, nyumba iliamka kujaza maji. Mradi wa maji wa Makonde unanizidi umri. Tangu miaka ya 1950 mitambo inasukuma maji kutoka chini mabondeni kuyapandisha huku juu, na siku yakifika mtaani kila mtu anajua kabla ya kuambiwa, kwa mlio wa ndoo. Siku hiyo hayakufika. Kisima cha saruji kilicho nyuma ya nyumba, kinachovuna mvua ya bati, kilikuwa kimeshuka zaidi ya nusu, na bibi hataki kiguswe mpaka Septemba. Basi tukachukua madumu na baiskeli mbili tukaenda kwenye kioski cha mbali.

Mpwa wangu alikataa kubaki. Alisukuma baiskeli yenye madumu manne, mimi nikashikilia nyuma, na foleni ilituweka saa mbili na nusu kwenye baridi. Hapo ndipo aliponitegea kile kitendawili cha maji alichoagizwa na bibi. Nilishindwa, nikampa mji, akasema jibu atanipa akitoka. Tulirudi jua limeshuka. Pipa la mwisho lilikuwa mlangoni, bibi amesimama kando yake na lile koti lake. Mtoto alimimina dumu la kwanza, la pili, la tatu. Alipoinua la nne mama yake alinyoosha mikono kumsaidia, na bibi akamzuia.

"Mwache," alisema. "Hayo ni ya kwake."

Akamimina lote, polepole, bila kumwaga hata tone.